Ukufi wa Pili

Fundi Mizani hakuwa na mizani, wala hakuwahi kuitamani. Ukimpelekea sufuria uliyoinunua kwingine, aliipokea kwa mkono mmoja, akaipandisha na kuishusha mara mbili, kisha akakupa hukumu yako bila huruma. "Nyepesi hii. Ipikie mara kumi, ya kumi na moja utaona mkaa kupitia kitako." Jina la Mizani lilitokana na mkono huo, na mwenyewe alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Kwa karibu miaka arobaini alikuwa akisubu sufuria uani, nyuma ya nyumba yake. Alikusanya chochote cha aluminiamu kilichokwisha kazi: vifuniko vya injini, fremu za madirisha, rimu zilizopasuka, makopo ya soda yaliyokanyagwa na magari. Alivirundika kwenye chungu cha chuma juu ya tanuri, akavipulizia moto kwa feni mpaka vikayeyuka, akamimina kwenye kalibu za mchanga laini alizozitengeneza kwa mikono yake. Sufuria ikishapoa aliipiga msasa, na alipokuwa akiipiga msasa aliisifia pia, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyejua kuisifia kwa kiasi alichokitaka yeye.

Ila alikuwa na siri. Chini ya meza ya kazi palikuwa na kopo la maziwa ya unga, mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani yake vipande vya madini ya kijivu, laini kiasi cha kukatika kwa kisu. Vilitoka kwenye sahani za betri kuukuu, kwenye vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu, na kwenye lehemu iliyokwanguliwa kutoka rejeta. Ilikuwa risasi. Mjomba aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba ukufi mmoja wake, yaani kiasi cha kujaa kiganja, huituliza aluminiamu, huifanya itiririke mpaka kingoni, na huipa sufuria uzito wa heshima. Basi sufuria za wateja zilipata ukufi mmoja. Sufuria ya ndugu ilipata ukufi wa pili. Kutoa ni moyo, husema watu, na Fundi Mizani alijijua ana moyo.

Ukufi huo wa pili uliambatana na desturi aliyoianzisha mwenyewe katika ukoo. Mwanamke wa familia akijulikana kuwa mjamzito, fundi alifunga mlango wa ua, akawasha tanuri kwa ajili ya sufuria moja tu, akamtengenezea mama mtarajiwa sufuria ya uji. Nzito, nene, yenye mikono miwili iliyokaa sawa. Wanawake waliipokea kwa mikono miwili, na wengi waliinama kidogo kwa uzito wake, na hapo ndipo fundi alipocheka kwa furaha.

Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alipewa yake mimba ya kwanza ilipojulikana. Ilitoka ikiwa na miezi minne. Ya pili ilitoka na mitano. Sasa alikuwa na ya tatu, inayoelekea mwezi wa tano, na nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa vidole. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, akija nyumbani mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo binti huyo aliishi na wakwe zake, akishona nguo za watu katika chumba cha mbele. Kila asubuhi alipika uji katika sufuria yake, akaukamulia ndimu mbili mle mle ili kutuliza kichefuchefu, akauacha humo jikoni na kuurudia kikombe kwa kikombe mpaka saa saba mchana. Fundi alikuwa akiona kuwa hilo ni jambo jema. Binti anakula, na anakula kutoka mkono wa babu wa mtoto.

Mkunga wa zahanati alikuja siku moja kabla ya adhuhuri. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuigombeza nusu iliyobaki. Hakupitia mbele. Alizunguka moja kwa moja hadi uani, akasimama kando ya rundo la rimu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kuhusu mkweo." Alitoa karatasi mkobani. "Damu yake ni pungufu, hilo tulikuwa tunalijua. Ila nilipeleka kipimo kingine maabara kuu, maana wanawake watatu wa mtaa huu wamepoteza mimba mwaka huu na sikupenda ule mpangilio. Nao nikawapima, na wote watatu wana risasi kwenye damu. Mkweo anayo zaidi ya wote."

Fundi alikuwa ameshika msasa. Aliendelea kuushika.

"Risasi inatoka wapi kwa mshonaji?" aliuliza.

"Ndilo ninalolitafuta. Nimetazama rangi za kuta, nimetazama mabomba. Sasa natazama sufuria." Aliinua moja iliyokuwa ikipoa, akaipima mkononi kama alivyozoea kufanya mwenyewe fundi. "Unatia nini humu, baba?"

"Aluminiamu."

"Tupu?"

"Tupu."

Mkunga aliiweka chini taratibu. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti kwa mzee. Alisema polepole, kama anayemweleza mwanafunzi.

"Mwili hauijui risasi. Ikiingia, unadhani ni kalsiamu, ile inayojenga mifupa, basi unaipokea vizuri na kuiweka akiba mifupani. Inakaa humo miaka ishirini, thelathini. Siku mwanamke akibeba mimba, mtoto anadai kalsiamu ya mifupa yake, na mama anaichota kwenye akiba. Risasi nayo inatoka humo humo. Kondo la nyuma halina mlango wa kuizuia. Inafika kwa mtoto, kwenye ubongo unaojengwa, kwenye mifupa, na mara nyingine mimba yenyewe haihimili. Na mama akiwa na upungufu wa madini ya chuma, kama mkweo, tumbo lake linaifyonza risasi zaidi, kwa sababu lina njaa ya madini na halichagui."

"Si kwa watu tu," aliongeza. "Mbuzi, ng'ombe, panya, chochote kinachobeba mtoto tumboni na kumnyonyesha. Sheria ni moja."

"Sasa atafanya nini?"

"Nitampa vidonge vya chuma na kalsiamu, anywe maziwa. Lakini dawa ya kwanza ni kukata chanzo. Sufuria yake nitaondoka nayo, ikapimwe. Majibu ni wiki mbili." Alimtazama usoni. "Mtoto hangoji wiki mbili. Mficha uchi hazai, baba. Kama kuna kitu, niambie leo."

"Hakuna kitu," alisema Fundi Mizani.

"Haya. Kwa sasa apikie kwenye sufuria nyingine."

Mkunga alipitia jikoni, akaumwaga uji uliobaki, akaondoka na sufuria kwapani, akiegemea upande mmoja kwa uzito wake. Fundi alibaki amesimama. Sufuria nyingine. Katika nyumba ile hapakuwa na sufuria nyingine isiyotoka mkononi mwake, na zote zilikuwa za ndugu.

Alijiambia kwamba mwanamke yule amesoma sana na watu waliosoma sana huona mdudu kwenye kila jani. Mjomba wake alitumia risasi maisha yake yote na akafa mzee. Alikuwa na watoto wangapi yule mjomba? Fundi alijaribu kukumbuka, na alipokumbuka kwamba hakuwa na hata mmoja, aliweka msasa chini na kwenda kutafuta mtu wa kuzungumza naye.

Mkewe alikuwa kwenye mabanda ya sungura. Fundi alikuwa akimwita Bi Mkubwa tangu ujana wao, kwa utani, na sasa utani ulikuwa umekuwa kweli. Alifuga sungura katika mabanda mawili, moja juu ya jingine, na alikuwa akiongea nao wakati wote. Leo alikuwa akilisema dume la banda la chini.

"Huyu naye namwondoa," alisema bila kugeuka. "Mvivu. Jike limezaa jana, watoto watano, wanne wamekufa na huyo mmoja sioni kama atafika kesho. Wa juu wamezaa wanane, wote wazima, wanagombania titi kama abiria."

"Umeshabadilisha dume huko chini."

"Mara tatu. Na jike mara mbili. Ila banda hili lina mkosi, nakwambia. Kila ninayemweka humu anakuwa hivyo hivyo."

"Wa juu wanakula nini?"

"Wanakula wanachokula wa chini. Pumba niliyoiloweka kwa uji uliochacha. Umekuwa lini mfugaji wewe?"

Fundi aliinama. Banda la juu lilikuwa na beseni la plastiki lililopasuka ukingo. Banda la chini lilikuwa na sufuria. Aliitambua kabla hajaigusa, maana aliisubu kwa ajili ya marehemu mama yake: mkono mmoja ulikuwa umekatika, na kitako kilikuwa kinene kama alivyokuwa akikipenda. Pumba iliyochacha ilikuwa imelala humo tangu jana, na pale ilipogusa ukuta wa sufuria, ukuta ulikuwa mweusi, umeliwa na ule uchachu vitundu vidogo vidogo.

Jike jipya, dume jipya, sufuria ile ile. Mkewe alikuwa ametafuta mkosi kwa miaka miwili katika wanyama, na mkosi ulikuwa chombo cha kulia. Fundi aliiondoa sufuria, akamwaga pumba ardhini, akaifukia kwa mguu. Mkewe alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili, naye hakumweleza kitu. Alikuwa anaogopa. Tangu mwanawe apate ajali ya kwanza barabarani hakuwahi kuogopa hivyo.

Aliingia chumba cha mbele. Mkwe wake alikuwa ameinamia cherehani, akishona pindo, na kikombe cha uji kilikuwa pembeni yake, kimebaki nusu. Fundi alikichukua kikombe, akakimwaga dirishani. Binti aliinua mguu kwenye kikanyagio na cherehani ikanyamaza.

"Mwanangu," alisema fundi, akakaa kwenye kiti cha wateja, "ile sufuria niliyokupa nilitia risasi. Kufi mbili. Nilikuwa nadhani ninakuongezea."

Akamweleza yote, kopo, mjomba, sungura, na uongo aliomwambia mkunga saa moja iliyopita. Binti alisikiliza huku mkono wake mmoja ukiwa tumboni. Fundi alipomaliza, binti alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nakamulia ndimu mle mle, baba. Nilikuwa napenda unavyokuwa mkali."

"Hukujua."

"Na wewe hukujua." Alifuta jicho kwa kitambaa alichokuwa akishona, akaona kwamba ni cha mteja, akakikunja. "Ila sasa unajua. Nenda kwa mkunga sasa hivi, kabla hujapata muda wa kufikiri. Na mama umwambie mwenyewe. Mimi siwezi kukaa na neno hili jikoni pamoja naye."

Hapo ndipo Fundi Mizani alipoelewa lile alilokuwa akilizunguka tangu mkunga aondoke.

Mwanawe, huyu dereva, alizaliwa fundi akiwa bado mwanagenzi na nyumba yao ikipikia chungu cha udongo. Mwaka uliofuata alipata tanuri lake, na sufuria ya kwanza kabisa aliyoisubu alimpa mkewe. Baada ya hapo Bi Mkubwa alibeba mimba nne. Tatu zilitoka. Wa nne alizaliwa, msichana, akaishi siku tisa. Dada zake fundi, hasa yule mkubwa, walikwisha kulipatia jambo hilo maelezo tangu mimba ya pili ilipotoka: mke huyu tumbo lake lina jicho, limekula hawa na litakula wengine. Walimshauri aoe mwingine. Alikataa, na kwa kukataa huko alisifiwa maisha yake yote. Mwanamume wa kweli, walisema watu, amemvumilia mkewe. Yeye mwenyewe aliwahi kumwambia hivyo mkewe siku moja waliyokuwa wamegombana: nimekuvumilia. Mkewe hakuwahi kulirudia neno hilo.

Alikwenda zahanati, akasema. Mkunga hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu, ni sufuria ngapi, na alipoambiwa hazihesabiki alifumba macho kidogo. Fundi naye alikuwa na swali lake. Alilimeza mara mbili kabla ya kulitoa: wale wanne wa miaka ile, je, ilikuwa sufuria?

"Siwezi kusema ndiyo na siwezi kusema hapana," alijibu mkunga. "Mimba hutoka kwa mengi. Na wasiokuwepo hawapimwi. Ukitaka kujificha nyuma ya jibu hilo, nafasi ipo."

Alasiri ile alipita mtaani na mkokoteni, nyumba kwa nyumba, akiomba arudishiwe sufuria zake. Alisema sababu kila mlangoni, kwa kinywa chake. Wengine walimtukana. Mwanamke mmoja, fundi wa kusuka nywele, alimkabidhi sufuria bila neno na kufunga mlango, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Aliporudi, mkokoteni umejaa, aliponda chungu chake cha kuyeyushia kwa nyundo na kuanza kuzipanga sufuria kando ya ukuta.

Bi Mkubwa alitoka jikoni. Mikononi alibeba sufuria yake, ile ya kwanza, ambayo alikuwa ameipikia kila siku kwa miaka thelathini na minane. Ilikuwa imechakaa kiasi kwamba mstari wa maji ulionekana ndani yake kama ule wa kwenye tangi.

"Mtaa mzima unasema," alisema. "Nimeyasikia kwa jirani kabla ya kuyasikia kwako. Hii nayo?"

Angeweza kusema kwamba siku zile alikuwa bado hajalijua kopo. Nani angempinga? Mjomba alikwisha kufa, na mkunga alikwisha kumwonyesha nafasi ya kujificha. Alipokea sufuria kutoka mikononi mwake. Mkono wake ukaipima wenyewe, bila kuulizwa, na ukatoa hukumu.

"Hii ina risasi nyingi kuliko zote," alisema. "Nilitia kufi tatu. Nilikuwa kijana, nilikuwa nakupenda, nilitaka uinue ushangae."

"Nilishangaa," alisema Bi Mkubwa.

"Mkunga hana hakika kama ndiyo iliyo—"

"Mimi sikuulizi ya mkunga." Alikaa kwenye ngazi ya mlango. Alitazama mikono yake, si sufuria. "Mimi nilikuwa namwamini dada yako, unajua? Miaka yote hii. Mbele za watu nilikuwa nambishia, lakini moyoni nilijua anasema kweli, tumbo langu lina kitu. Yule mwanetu wa siku tisa nilikuwa naogopa kumshika sana. Nilikuwa nampa bibi yake amshike."

Fundi alianza kulia. Mkewe hakumnyamazisha, na hakulia naye.

Kwa wiki tano hakusema naye ila la lazima. Alimpikia kwa sufuria ya chuma cha pua aliyoileta mwanawe kutoka safari, akamwekea chakula, akaenda kula na mkwe wake. Fundi aliuza tanuri na kuanza kurekebisha mikono ya mabeseni na vifuniko, kazi ya mtu mwingine, bila kuilalamikia. Kipimo cha pili cha binti kilirudi kikiwa kimeshuka, si chote, ila kimeshuka, na mkunga akasema mtoto anacheza vizuri, ila risasi iliyo mifupani ni ya kuangaliwa mpaka siku ya kujifungua na hata baada yake. Hakuna aliyeshangilia. Binti alikunywa maziwa yake na kumeza vidonge vyake vya chuma kama anayehesabiwa. Banda la chini la sungura lilipata beseni la plastiki.

Siku ya kwanza ya wiki ya sita, Bi Mkubwa alitoka amevaa nguo zake nzuri na viatu vya kufunga.

"Vaa vizuri," alimwambia mumewe. "Tunakwenda kwa dada yako."

"Kufanya nini?"

"Wewe utasema. Mimi nitakuwa nimekaa, nasikiliza."

Walitembea pamoja, yeye mbele, fundi nyuma na ile sufuria ya kwanza mkononi, kwa sababu mkewe alimwambia aibebe. Ni mwendo wa nusu saa. Alihamisha uzito kutoka mkono hadi mkono, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake uzito wa sufuria ulimchosha.

Dada mkubwa alikuwa kwenye kiti chake cha kamba barazani, macho yakiwa yamepungua nguvu lakini ulimi ukiwa pale pale. Alimsikia kaka yake, akanyoosha mikono, akakutana na sufuria.

"Kumbe mmeniletea zawadi," alisema, akiipapasa. "Nzito. Hii ndiyo kazi yako ya zamani."

Bi Mkubwa alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Si zawadi, dada," alisema Fundi Mizani. "Nimekuja kuhusu wale watoto wanne. Wewe ulisema ni tumbo la mke wangu, nami nikanyamaza. Nataka unisikilize mpaka mwisho, na yeye anisikie."